Mkaja na Mbeleko kwa Mstari Mmoja

Jumanne, tarehe kumi na sita. Mvua ya rasharasha tangu alfajiri, haizidi wala haikati, na upepo unaisukuma mpaka inaingia dirishani. Nimesogeza cherehani katikati ya chumba ili vitambaa visilowe. Hapa Nguvumali mvua ya namna hii haina madhara, inachosha tu, na mimi nilikuwa nimechoka kabla haijaanza.

Zimebaki siku kumi niolewe. Naandika kwenye kurasa za nyuma za daftari langu la vipimo, na sijui kama haya ni mambo ya kuandikwa. Niliishia darasa la saba. Vipimo naandika, barua naandika, lakini kukaa chini kuandika ya nafsi yangu naona kama najipa ukubwa. Ila kosa nililofanya lilikuwa la maandishi, basi acha na lenyewe liandikwe.

Nina miaka thelathini na sita. Mwanamke wa umri wangu akichumbiwa, watu humpongeza na kumpa pole kwa pumzi moja. Mimi nilitaka harusi ndogo. Nilitaka vitu vichache viwe kama nilivyoviwaza siku nyingi: asumini mbichi kichwani, si maua ya plastiki, piko mikononi mpaka kwenye kiwiko, isipite hapo, na mkaja na mbeleko viletwe vya nguo, si bahasha ya pesa. Mengine waamue wao. Wakaamua kweli. Kwenye kundi la simu walibishana wiki nzima kuhusu rangi ya sare, nusu wanataka zambarau, nusu wanataka damu ya mzee, na mimi ambaye ndiye nitakayezishona sikuulizwa. Ikapita damu ya mzee. Ni rangi inayoumiza macho kuishona usiku, lakini sitasema ni mbaya, maana inawapendeza weusi na weupe sawasawa.

Jirani yangu anayeuza vitumbua alichungulia wiki iliyopita akanikuta nimezungukwa na magauni. Akaniuliza, "Bibi harusi, hii ni harusi yako au umechukua tenda?" Nikacheka. Baadaye nikafikiri alikuwa na haki ya kuuliza. Mwari huwekwa ndani akasingwa kwa manukato, hakai kwenye cherehani akakanyaga pedeli.

Sasa nieleze nyumba yetu, maana bila hivyo kosa langu halitaeleweka.

Aliyenizaa ni mwanamke wa Pemba. Aliachana na baba nikiwa na mwaka mmoja na miezi, akarudi kwao, akaolewa huko, akapata watoto wengine. Mimi nilibaki Tanga. Baba akaoa mke wa pili, Mbondei wa huko Muheza, na huyo ndiye aliyenilea. Huyo namwita mama. Yule namwita mama wa Pemba, ila mbele yake namwita mama pia, na siku wakiwa wote wawili chumba kimoja, kama sasa, naogopa kuita nisije nikaitikiwa na wawili.

Mama hakujaaliwa mtoto. Alipoingia nyumba hii alinikuta mimi tu, na baba alipofariki, miaka sita sasa, nilibaki naye. Hatuna damu. Kilichotuunganisha kiko kaburini, na bado tunakula sahani moja. Mama wa Pemba naye hakunitupa, hilo niliseme wazi. Kila mwaka alituma karafuu na nguo ya Idi, na mara nne alivuka kuja kuniona. Alipofika safari hii kwa meli, Ijumaa iliyopita, alikuja na papa wakavu wawili wamefungwa kwenye gunia, zawadi ya nyumba. Mama akalipokea gunia kwa mikono miwili, akashukuru, akalitundika nyuma ya mlango wa stoo. Likakaa huko. Kila jioni tulipika kitu kingine.

Nimerudia kujiuliza kama nilione hilo kuwa kisirani. Papa anataka kulowekwa, na siku zenyewe zilikuwa za pilikapilika. Lakini mama ni mtu wa kupika papa. Sikumwelewa, au nilimwelewa nikajifanya sielewi.

Orodha ya ada niliiandika mimi mwezi uliopita. Baba mdogo, ndugu wa baba ambaye ndiye walii wangu, ana macho mabovu na mwandiko wake hausomeki hata na yeye. Alikaa kwenye kiti akataja, mimi nikaandika: mahari, kilemba cha baba ambacho atakipokea yeye, kisha akasema, "Na mkaja na mbeleko ya mama." Alisema kwa pumzi moja kama watu wote wanavyosema. Nami nikaandika kwa mstari mmoja: mkaja na mbeleko ya mama.

Ningekuwa na akili ningesimamisha kalamu. Mkaja ni nguo anayofungwa mwanamke tumboni akishajifungua, tumbo lirudi. Mbeleko ni ya kumbebea mtoto mgongoni. Upande wa mume huleta vyote viwili kumshukuru mama wa binti, kwa tumbo lake na kwa mgongo wake. Kwa watu wengi tumbo na mgongo ni vya mtu mmoja. Kwangu mimi si hivyo, na hakuna aliyelijua hilo kuliko mimi niliyeshika kalamu.

Bwana harusi ni fundi wa majokofu, kwao ni Kigombe. Mama yake hayupo, kwa hiyo mambo ya kike yanasimamiwa na shangazi yake, mwanamke mpole, mzito wa mwili, anayepumzika kila ngazi mbili. Jumamosi alikuja na wanawake wenzake wawili na sinia lililofunikwa. Ndani ya sinia kulikuwa na udi, marashi, sabuni, na doti moja ya kanga, nzuri, nyeupe yenye nyekundu. Jina lake lilikuwa la dua tu, halina kijembe kwa mtu. Doti moja. Niliandika mstari mmoja, wakaleta kitu kimoja. Sina la kuwalaumu.

Mama na mama wa Pemba walikuwa wamekaa mkekani bega kwa bega. Nikatoa shikamoo, nikaitikiwa, nikakaa kichwa chini kama inavyotakiwa. Shangazi akaitoa ile kanga, akaiweka juu ya viganja vyake viwili, akatazama mbele yake akaona wanawake wawili wa umri mmoja. Akauliza kwa heshima kabisa, "Mama ndiye yupi, nimkabidhi haki yake?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nataka niandike hivyo bila kuipunguza. Kama kuhesabu mpaka tano hivi, nafasi hiyo ilikuwa yangu, wala hakuna aliyenikataza. Bibi harusi hasemi mbele ya wakwe, hiyo ni kweli, lakini ningeweza kukohoa, ningeweza kumgusa mama goti. Niliangalia ua la mkeka.

Mama wa Pemba akasogeza mkono. Sasa hapo ndipo watu watakaposema alinyoosha mkono kupokea. Mimi nilikuwa karibu, na nikiapishwa siwezi kusema hivyo. Inawezekana alikuwa anavuta mtandio wake tu uliokuwa unateleza. Lakini mama aliuona ule mkono, akasema, "Mpe mwenye tumbo." Akainuka, akasema chungu chake kinaungua, akaenda jikoni. Chungu hakikuwa kinaungua. Hakikuwa hata jikoni.

Shangazi alibaki na kanga mikononi kama mtu aliyebebeshwa mtoto asiyemjua. Akampa mama wa Pemba. Wakapiga vigelegele vitatu, vya adabu, wakanywa chai wakaondoka.

Jioni ile mama alinipikia, akanipakulia, akaniuliza magauni yamebaki mangapi. Sauti yake ilikuwa ileile. Ila wakati wa kuosha vyombo aliniambia kwamba siku ya harusi yeye hataingia ukumbini. Atakaa nyuma kwenye masufuria, maana wapishi wa kukodi wanaiba nyama. Mama wa Pemba yupo, ndiye atakayenikalisha mbele za watu na kunitoa, inatosha. Alisema "inatosha" kama mtu anayefunga bomba la maji.

Nilimwambia, "Mama, nilitaka unitoe wewe."

Akasema, "Mwanangu, mimi nina mikono ya kupika. Nitakupikia."

Basi hapo ndipo nilipokwama, siku tatu nzima. Rangi ya sare, asumini, kadi, vyote havikuwa na maana tena. Kama mama angekaa kwenye masufuria siku ile, mimi ningetolewa mlangoni na mtu anayenipenda kwa mbali, na yule aliyenitia kijiko mdomoni angekuwa nyuma ya ukuta anahesabu minofu. Na kwa kuwa hakujaaliwa kuzaa, mkaja asingeutarajia kwa mtu yeyote maishani. Mbeleko ndiyo pekee iliyokuwa inamjia. Nami nimeifuta kwa mwandiko mzuri.

Nilimpigia bwana harusi simu. Naye akatoa jibu la fundi: kifaa kikiwa hakipo, kinanunuliwa. "Kesho nanunua doti nyingine, nampa shangazi ailete. Kuna shida gani?" Alisema kwa wema, nikamshukuru. Nikampelekea mama habari hiyo nikidhani nimepona. Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. Akasema, "Ya kuombewa sivai." Baba mdogo naye alikataa, akasema orodha ikishakabidhiwa hairudiwi, wakwe wataona tunaongeza. Nilimkasirikia baba mdogo. Leo naona hakukosea. Kama mimi ningekuwa Kigombe, nikaletewa ujumbe kwamba Nguvumali wanataka doti ya pili, ningenuna.

Asubuhi ya leo, mvua ikiwa hiyo, mama alikuwa uani anakinga maji ya bati. Mama wa Pemba alikuja kukaa chumbani kwangu akanisaidia kushona vifungo. Vidole vyake ni vizuri kwa vifungo, vinachambua karafuu tangu utotoni.  Kisha nikamwambia. Sikupanga. Nilimwambia kwamba ile orodha niliiandika mimi, kwamba mkaja na mbeleko vilitakiwa mistari miwili, kwamba nilijua na sikufikiri. Sikumwomba kitu. Au nilimwomba bila kutaja, sijui. Mtu hawezi kuwa hakimu wa nia yake mwenyewe.

Akamaliza kifungo alichokishika. Akasema, "Na mbeleko nilifunga. Mwaka mmoja na miezi minne. Uliota meno matatu mgongoni kwangu."

Hilo sikuwa nimelifikiri hata siku moja. Miaka yote hii nilimgawia tumbo, nikampa mwenzake mgongo, nikajiona nimegawa sawa. Kumbe wa Pemba alikuwa na vyote viwili, vichache lakini vyote.  Nikasema, "Kweli, mama."

Akaniuliza mwenzake alinibeba mpaka lini. Nikamwambia nakumbuka nimebebwa nikiwa mkubwa, miguu inaburutika, nilipougua surua, kutoka nyumbani mpaka hospitali na kurudi, siku tatu mfululizo, na baba hayupo. Nikamwambia mama mwenyewe husema nilikuwa namng'ata bega. Akasikiliza. Akatazama dirishani ambako mama alikuwa anahamisha ndoo moja baada ya nyingine chini ya bati, kichwa kimefunikwa mfuko wa rambo.

Akatoa ile doti kwenye begi lake. Ilikuwa bado haijakatwa, vipande viwili vimeungana kama vinavyotoka dukani. Akauliza, "Mkasi wako uko wapi?"

Nikamwambia kanga ikitenganishwa inapoteza heshima, mtu atajifunga kipande avae nini juu. Akasema hakuna mtu anayefungwa tumbo kwa doti, wala hakuna anayembeba mtoto kwa doti. Kila kazi ina kipande chake. Akashika ncha moja, nikashika nyingine, nikakata. Mimi nakata vitambaa kila siku, tangu nina miaka kumi na minane, na leo mkasi ulikwenda upande karibu na mwisho.  Aliona.

Akakunja kipande kimoja akakitia begini. Kingine akakitupia begani akatoka nacho uani mvuani. Mimi nilibaki kwenye kiti. Sikusimama nyuma ya mlango kusikiliza, ila dirisha liko pale na masikio hayana mlango.

Mama wa Pemba alisema, "Mwenzangu, hii ndiyo mbeleko. Mkaja ninao."

 Nikasikia maji yanaingia kwenye ndoo.

Mama wa Pemba akasema tena, "Sikuombwa. Naitoa kwenye haki yangu."

Sikuona uso wa mama, kwa hiyo siwezi kuandika ulikuwaje. Nilichosikia ni sauti yake, ya kuchoka, sauti yake ya siku zote ya kukagua nguo zikitoka kwangu. "Dada, mbona haijapindwa?"

"Imekatwa sasa hivi."

"Na imekatwa upande."

"Imekatwa na mwanao."

Mama akaniita. Nikatoka. Alikuwa ameishika ile kanga kifuani ili isilowe, na yeye mwenyewe amelowa chepechepe. Akanipa. Akasema, "Pinda. Sitaki kwenda kukaa mbele za watu nyuzi zinaning'inia." Kisha akazigeukia ndoo.

Nilirudi kwenye cherehani nikaketi. Uzi uliokuwa kwenye sindano ulikuwa wa damu ya mzee. Nilitakiwa nibadilishe niweke mweupe, kazi ya dakika mbili, lakini nilihisi nikisimama tu jambo hili litabadilika. Nikapinda hivyohivyo kwa uzi mwekundu kwenye kanga nyeupe. Nilikunja zaidi pale nilipokata upande, ikanyooka. Pindo linaonekana. Fundi mwingine akiiona atanicheka, na atakuwa sahihi.

Sisemi kwamba wameshakuwa ndugu. Mchana walikaa kila mmoja kona yake. Mama aliitazama ile kanga upande wa mbele na wa nyuma, akauliza huu uzi ni wa nini, nikasema ni wa sare. Akasema, "Ndiyo maana harusi haishi, unaishona yote pamoja." Nikajua hapo kwamba amenisamehe, au ameahirisha. Nimemwuliza atanikalisha nani, akasema watanikalisha wote wawili, mmoja huku mmoja huku, na mimi nijitahidi nisinenepe katika hizi siku kumi.

Nimemtumia bwana harusi ujumbe kwamba asinunue kitu. Akajibu kwa kidole gumba. Magauni yamebaki manne. Nimeangalia tena ile nakala ya orodha; mstari uko vilevile, sijaufuta, maana wenye nakala nyingine wako Kigombe na kufuta yangu peke yangu itakuwa uongo. Nimejiuliza pia kama ilikuwa haki mama wa Pemba kutoka na nusu, yeye aliyekuwa na vyote.  Alipopita mlangoni jioni nilimwambia asante, akasema, "Shona."

Baada ya alasiri nilikwenda stoo kutafuta kibiriti nikaona msumari nyuma ya mlango hauna kitu. Gunia limeshushwa. Papa mmoja alikuwa kwenye beseni la maji, na kwa jinsi nyama yake ilivyokuwa imelainika, alilowekwa tangu asubuhi, labda wakati nilipokuwa napinda. Mama alikuna nazi mbili. Mama wa Pemba aliomba amenye vitunguu akapewa.

Usiku huu tumekula bada, ugali wa muhogo, na papa wa nazi, na bilimbi kidogo pembeni. Chumvi ilizidi. Tukaimaliza sahani.